Mashine ya Kisimani na Wafinyanzi Wasiokuwepo

Hamjambo wakubwa. Hamjambo wadogo. Mama mwenye mtoto, mpe titi anyamaze. Baba mwenye simu, izime, hadithi hii ina mashine yake, haitaki mwenzake. Na nyie wa hapo nyuma mnaocheka, chekeni sasa, maana mbele huko kicheko kinapungua. Tulieni. Nikisema ngano, mnasema ipite tuione.

Ngano.

Ipite tuione.

Ngano.

Ipite tuione.

Imepita, iko mlangoni, ina kiu na haina kata ya kunywea.

Ikae, tuigawie.

Basi. Hapo zamani, lakini si zamani ile ya wanyama kusema. Zamani hii ni ya karibu karibu. Wanyama walikuwa wameshanyamaza, mashine ndizo zilikuwa zinasema.

Palikuwa na mji unaitwa Kivungu. Juu mlima, chini udongo, katikati kisima. Kisima kimoja. Mto ulikuwepo, lakini ule mto wa kuja na mvua na kuondoka na mvua. Ukiona mji una kisima kimoja, jua kwamba mfalme wa hapo hasumbuki kutafuta cha kutoza.

Mji ule ulikuwa na koo mbili. Ukoo wa wahunzi na ukoo wa wafinyanzi. Wahunzi ndio walikuwa na mfalme. Zamani walifua majembe na mapanga, lakini tangu mwenzao akalie kiti, nyundo waliziacha, wakashika vyeo. Wafinyanzi wao walibaki na udongo wao. Wanawake kwa wanaume, kazi vyungu. Chungu cha maji, chungu cha ugali, chungu cha pombe. Hakuna nyumba Kivungu iliyokosa chungu cha wafinyanzi.

Na koo hizi mbili walikuwa watani. Mnajua utani, au nieleze? Ngoja nieleze, kuna watoto hapa. Mtani wako anakutukana na huruhusiwi kununa. Mtani anaingia kwako, anabeba jogoo, anaondoka naye. Lakini ukifa, mtani ndiye anakuja kukuchimbia kaburi. Mtani ndiye anakuletea maji ya kukuosha. Na anayegoma kumzika mtani wake, naye siku yake ikifika hazikwi. Analala juu, fisi wanamzika.

Alipokufa mfalme mzee, baba wa huyu mfalme, wafinyanzi ndio walichimba. Mama mmoja, Nakijwa, mfinyanzi hasa, akavaa kofia ya marehemu, akaingia kaburini, akalala, akakoroma kama marehemu alivyokuwa akikoroma barazani. Akasema, "Sitoki mpaka nipewe mbuzi." Watu wakacheka na machozi yanatoka. Hata huyu mfalme mpya alicheka, na baba yake yuko kwenye jeneza pale pale. Akatoa mbuzi. Ndio utani huo. Ushikeni, tutauhitaji.

Mfalme mpya akakaa, akatulia, akaanza kutoza. Akatoza kodi ya chungu. Watu wakanung'unika, wakaleta maharage. Akatoza kodi ya kamba ya kuchotea. Watu wakanung'unika, wakaleta kuku. Akatoza kodi ya kiu. Mtu akilamba midomo hadharani, analeta kuku na maharage. Hapo hawakunung'unika tena. Walichoka. Manung'uniko yenyewe yanakausha koo, na koo likikauka utalamba midomo.

Waziri wa mfalme aliitwa Senkondo. Mtu wa kufikiri sana, kila akifikiri watu wanakonda. Akamwambia mfalme, "Mtukufu, wananchi wanaiba maji. Mtu anachota mara mbili, analipa mara moja. Nilikokwenda ng'ambo nimeona dawa yake."

"Dawa gani?"

"Mashine. Inasoma kidole. Kila kidole kina mistari yake. Mashine inaisoma, inajua huyu ni nani."

Mfalme akafurahi. Mhunzi gani hapendi chuma? Ikaletwa mashine. Kisima kikafunikwa mfuniko wa chuma, mashine ikasimama juu yake, na pembeni ukawekwa ubao. Ubao wenyewe maandishi makubwa. Kuna wakati mimi ningeupita ubao kama mbuzi anavyopita. Siku hizi nasimama, nasoma, mpaka nukta. Uliandikwa hivi: KILA MWANANCHI ATASOMWA KIDOLE. KILA MTU NA CHOMBO CHAKE. ASIYESOMEKA HAYUPO. KUMPA MAJI ASIYEKUWEPO NI KUMWAGA MAJI YA SERIKALI.

Nimejifunza kusoma mvi zikiwa kichwani, nikadhani nimefika. Kumbe wenzangu wameshatengeneza kitu cha kusoma watu.

Siku ya kwanza foleni ikapangwa. Wakatangulia wahunzi. Mtu anaweka kidole gumba, mashine inalia ting, inasema kwa sauti laini kama ya mke mpya, "Karibu, ndugu mwananchi. Chota." Mfuniko unafunguka. Anachota. Mwingine tena. "Karibu, ndugu mwananchi. Chota." Watu wakapiga makofi.

Ikafika zamu ya Nakijwa. Nyuma yake wifi yake, Namsifu, dada wa mumewe, mwanamke wa maneno mengi. Mume mwenyewe alishakufa. Nyumbani walimwacha Bibi Nanzia, mama wa Namsifu, mkwe wa Nakijwa. Mzee, yuko kitandani, hainuki, chakula chake kikubwa kilikuwa maji. Kila baada ya muda kidogo anaita, "Nakijwa, maji." Anakunywa mafunda matatu, anasema, "Tamu." Analala.

Nakijwa akafuta kidole kwenye kanga, akakiweka. Mashine ikafikiri. Ikasema, "Huyu hayupo. Sogea, nyuma yako kuna watu."

Akakiweka tena. "Huyu hayupo. Sogea, nyuma yako kuna watu."

Akakilamba, akakikausha, akaweka cha mkono wa pili. "Huyu hayupo. Sogea, nyuma yako kuna watu."

"Wifi, sogea basi," Namsifu akasema. "Umeambiwa hupo, unaniziba nini?"

"Njoo wewe uliyepo."

Namsifu akaweka kidole. Huyu hayupo. Akacheka kwanza. Halafu akaangalia kidole chake, akaacha kucheka. Kilikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Cha Nakijwa laini. Cha kila mfinyanzi laini. Mtu umekanda udongo tangu hujaota meno ya pili, unasugua chungu kwa gumba kutoka ndani, unasugua kutoka nje, udongo una mchanga ndani yake, mistari itabaki wapi? Mistari yao ilikuwa kwenye vyungu. Nyumba zote za Kivungu zilikuwa na vidole vya wafinyanzi, wenyewe hawana.

Nakijwa akaenda kwa Senkondo. Akamkuta kivulini, mbele yake chungu cha maji, na chungu chenyewe Nakijwa ndiye alikifinyanga.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mashine inasema sipo."

"Marahaba. Kama inasema hupo, hupo."

"Si naongea na wewe?"

"Kuongea si ushahidi, mama. Redio nayo inaongea."

"Nikuguse uone?"

"Usiniguse. Nenda ofisi ya walio hai, wakuandikie kwamba upo, halafu uje."

Akaenda. Ofisi ya walio hai wakamwambia weka kidole. Akaweka, kikakataa, wakampeleka ofisi ya waliokufa. Ofisi ya waliokufa wakamwambia wewe hujafa, hatukuhudumii. Akaelekezwa ofisi ya tatu, ya wasiojulikana. Ilikuwa imefungwa, karani hajulikani aliko.

Akarudi kwa Senkondo jasho linamtoka.

"Mheshimiwa, mkwe wangu ana kiu."

"Na kodi yako ya kiu ya mwaka huu hujaleta."

"Kodi? Si mmesema sipo?"

"Kwa maji hupo," Senkondo akasema, na akasema taratibu kama anamfundisha mtoto. "Kwa kodi upo. Hizo ni idara mbili tofauti."

Cheka, baba, usijizuie. Hata Nakijwa alicheka. Alicheka njia nzima, akafika nyumbani, akasikia, "Nakijwa, maji." Akainamisha chungu. Kikatoa kidogo cha chini, chenye udongo. Bibi Nanzia akanywa. Hakusema tamu.

Jioni ile wafinyanzi wakakaa. Mmoja akasema tuhame. Mmoja akasema tumwombe mfalme. Nakijwa alikuwa anafikicha kidonge cha udongo mkavu mkononi. Akasema, "Jamani, serikali imesema mimi sipo. Mtu aliyekuwepo jana na leo hayupo, anaitwaje?"

Namsifu akasema, "Marehemu."

"Basi nimekufa. Wifi, nililie."

"Nikulilie kwa lipi zuri ulilonitendea?"

"Lia, utanitukana njiani."

Asubuhi, wakamlaza Nakijwa kitandani, wakamfunga shuka ya kaniki, wakambeba mpaka mlangoni kwa mfalme. Wanawake wanalia. Namsifu mbele, anaimba, na nyie mnipokee, mseme mtani, lete maji.

Kafa wifi, kafa kwa kidole.

Mtani, lete maji.

Kafa anatembea, kafa anadaiwa kuku.

Mtani, lete maji.

Umemuua mwenyewe, umzike mwenyewe.

Mtani, lete maji.

Mfalme akatoka. Senkondo akatoka. Mfalme akauliza, "Nani kafa?"

"Mtani wako Nakijwa," Namsifu akasema. "Iulize mashine. Leteni jembe, leteni maji ya kumwosha. Au mnagoma?"

Mfalme akaangalia kaniki. Kaniki ilikuwa inapumua. Akajua. Lakini ukoo wake wote umesimama nyuma yake, na kila mmoja anafikiria kaburi lake na fisi. Midomo yake ikacheza. Alikuwa mtu wa kucheka zamani yule.

"Mtani huyu," akasema, "alikuwa na mdomo mpana kuliko vyungu vyake. Leteni maji, maana mdomo peke yake utamaliza mitungi."

Wahunzi wakacheka. Wakaenda kisimani, mashine ikawakaribisha mmoja mmoja, wakaleta maji. Sauti ikatoka ndani ya kaniki. "Ongezeni. Mimi nilikuwa mchafu." Wakaongeza. Maji yakazungushwa nyuma ya matanga, yakaingia nyumba za wafinyanzi. Bibi Nanzia akanywa mafunda matatu. Akasema, "Tamu."

Kesho yake akafa Namsifu. Kesho kutwa akafa jirani. Wafinyanzi wakawa wanakufa kwa zamu. Wahunzi wanachota, wanaleta, wanatukana, wanacheka. Mimi ningeikata hadithi hapa, mkaenda kulala mmefurahi. Lakini haikukatika hapo.

Senkondo alifikiri. Na akifikiri, mnajua. Akamwendea mfalme.

"Mtukufu, tunachezewa. Maji ya serikali yanakwenda kwa wasiokuwepo kwa mlango wa msiba."

"Senkondo, ni watani wetu hao. Ndiyo mila."

"Mila ni ya kabla ya mashine. Na wa ng'ambo waliotupatia mashine wakisikia tunazika watu wanaopumua, watatuonaje?"

Mfalme akaitikia kwa kichwa. Neno hilo la watatuonaje limeua watu wengi. Kesho yake ubao ukaongezwa mstari. Mstari mmoja tu. Ulisema: ASIYEKUWEPO HAWEZI KUFA.

Wafinyanzi wakamleta maiti wao wa siku hiyo. Mlango haukufunguliwa. Senkondo akasoma ubao kwa sauti, akauliza, "Huyu alisomwa lini kwamba yupo?" Wakambeba marehemu wao wakarudi naye, katikati ya njia akashuka akatembea, maana wabebaji walikuwa na kiu.

Jua likawa lile la kupasua mawe. Mto mkavu. Wafinyanzi wakachimba mtoni, wakapata tope, wakalikamua kwenye kanga. Likaisha na tope. Mhunzi mmoja alimpa jirani yake kata moja ya maji, kwa huruma. Akafungwa kwa kumwaga maji ya serikali.

"Nakijwa, maji."

"Yanakuja, mama."

"Nakijwa, maji."

"Yako njiani, mama."

Mara ya tatu hakuita. Nakijwa alikaa anasubiri aitwe.

Akaenda mlangoni kwa mfalme peke yake. Bila kaniki, bila wimbo. Mfalme akatokea dirishani.

"Mtani," Nakijwa akasema. "Mama kafa."

"Mlisema hivyo juzi. Mkasema na jana."

"Leo ni kweli."

Mfalme akamwangalia usoni, akaona ni kweli. Mfalme alimjua Bibi Nanzia. Yule bibi ndiye alimfinyangia tembo wa udongo alipokuwa mtoto.

"Mashine ilimsoma?"

"Ilimsoma wapi, na hainuki?"

Mfalme akashika ubao wa dirisha. Halafu akasema, "Mtani, mikono yangu imefungwa."

"Nani kaifunga?"

"Mimi."

Nakijwa akangoja, labda atacheka. Utani huwa unaanza hivyo. Hakucheka. Dirisha likafungwa.

Basi wakamwosha bila maji. Walisaga udongo mwekundu ukawa unga, ule mzuri wa kupakia vyungu vya harusi, wakampaka mwili wote, kichwa mpaka miguu. Wakachimba wenyewe, jambo ambalo halijawahi kuonekana Kivungu. Kaburini hakuingia mtani wa kukoroma. Wakafukia.

Namsifu, yule wa maneno mengi, akasema neno moja tu. "Twende."

Wakaondoka, ukoo mzima. Hakuna aliyewazuia. Mlinzi wa geti la mji aliulizwa baadaye kwa nini aliwaacha, akajibu aliagizwa kuzuia watu, na wale hawakuwepo. Wengine wanasema walifika penye maji. Wengine wanasema hawakufika. Mimi sijui, hakuna aliyeniandikia, na sasa hivi angeniandikia ningesoma.

Huku Kivungu maisha yakaendelea. Foleni fupi, mashine inakaribisha watu. Lakini chungu ni chungu. Leo kimoja kimeteleza mkononi. Kesho mbuzi kapiga kimoja teke. Kesho kutwa kimoja kimepasuka chenyewe. Watu wanafika kisimani, mashine inasema karibu ndugu mwananchi chota, mfuniko unafunguka, maji yale pale, hakuna cha kuchotea. Wakanywa kwa viganja. Senkondo akaleta kodi ya viganja.

Mfalme akatangaza, kila mtu afinyange chungu chake. Kila mtu na chombo chake, si ndiyo sheria? Wahunzi wakashuka kwenye shimo la udongo. Wakakanda. Wakasugua ndani, wakasugua nje. Vyungu vikawa vya ajabu, kimoja kimeinama, kimoja kinavuja, kimoja kina tumbo upande. Vikivunjika wanaanza tena. Wakakanda masika, wakakanda kiangazi, na udongo ule wa Kivungu ulikuwa na mchanga ndani yake. Mmeshaona? Mmeshaona, nawaona mnaangalia vidole vyenu.

Mhunzi wa kwanza akaweka kidole. "Huyu hayupo. Sogea, nyuma yako kuna watu." Akaondoka, maana alijua sheria. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu. Mmoja leo, mmoja kesho, wakawa wanasogea, na anayesogea harudi. Akafika Senkondo, maana waziri naye ana kiu. Mashine ikamwambia asogee. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuleta." Ikasema, "Nyuma yako kuna watu."

Nyuma yake alikuwa mfalme, na chungu chake kilichoinama. Akaweka kidole.

"Huyu hayupo."

"Senkondo, lete ufunguo."

"Mtukufu, haina ufunguo. Ufunguo ni kidole."

"Basi ivunjwe. Lete nyundo."

Wakatafuta. Wakatafuta ofisini, wakatafuta barazani, wakatafuta kwa babu zao. Ukoo mzima wa wahunzi, hakuna aliyejua nyundo iliwekwa wapi.

Mfalme akakaa chini karibu na mfuniko. Anasikia maji huko ndani. Akasema polepole, "Mtani, lete maji." Hakuna aliyempokea.

Na nyie msimpokee.

Mashine ipo mpaka leo. Inakunywa jua, haifi. Upepo ukisukuma jani kavu likaigusa, inaamka. "Huyu hayupo," inaliambia jani. "Sogea, nyuma yako kuna watu." Na nyuma hakuna mtu.

Ngano yangu imefika, nimeitua hapo katikati yenu, mwenye kata aigawie. Mimi nainuka. Kesho na mimi nasomwa kidole kule ofisini kwetu, na kidole chenyewe hiki hapa, kimeshika jembe miaka yote kabla hakijashika kalamu. Wakinikuta nipo, nitarudi niwasimulie. Msiponiona, msianze matanga. Kwanza ulizeni kama ninaruhusiwa kufa.